Stoo ya Mama Stella

Mwaka 1981, sukari ilipopotea madukani, mtaa mzima wa Maili Moja ulilalamika isipokuwa mtu mmoja. Wilhelmina alishukuru, ingawa hakuthubutu kusema hivyo mbele ya watu. Alisimama kwenye foleni ya duka la ushirika kama wenzake, akaguna walipoguna, na mwuzaji alipotoka kutangaza kwamba sukari haikuletwa, alirudi nyumbani na kikapu kitupu na nafuu fulani kifuani, nafuu aliyoionea haya.

Sababu ilikuwa mumewe. Felician alikuwa seremala, mtu mrefu, mcheshi, mpenda vitamu kuliko watoto. Chai yake ilikuwa ya vijiko vitano, na akimaliza alikilamba kijiko. Mwezi wa pili wa mwaka huo alikonda ghafla. Suruali zikamlegea, akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka safari ya jua kali, na kila mara yuko njiani kwenda chooni. Akaenda hospitali. Alikwenda peke yake, maana siku hiyo binti yao Stellamaris, msichana wa sekondari wakati ule, alikuwa na homa kali na mama mtu hakuweza kumwacha. Aliporudi jioni alivua viatu, akakaa kwenye kigoda, akasema:

"Ni kisukari, Mama Stella. Wamenipa vidonge, na sukari wamenikataza. Basi."

"Sukari tu?"

"Sukari," alijibu, akaomba maji.

Wilhelmina hakulia. Alikuwa mwanamke wa kushika kazi kwanza. Alipokuwa msichana kule kwao Kisarawe alifanya kazi miaka minne katika jiko la misheni, na sista mmoja mwenye mikono mikubwa ndiye aliyemfundisha kuoka mikate, keki na biskuti, na zaidi ya hapo akamfundisha kuweka akiba: jinsi ya kukausha kitu kisiote ukungu, jinsi ya kuziba chupa kwa nta, jinsi ya kuweka miguu ya rafu ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa ili sisimizi wasipande. Kwa hiyo alifikiri hivi: sukari imekatazwa, na sukari yenyewe haipo. Kinachotakiwa ni utamu usio sukari. Na utamu huo ataupata, na ataujaza ndani ya nyumba, ili huyu mtu asione kwamba maisha yake yamekwisha.

Nyuma ya nyumba, kando ya jiko, palikuwa na chumba kidogo ambamo Felician aliweka mbao. Wilhelmina alimwomba atoe vitu vyake. Felician hakuvitoa tu, alikitengenezea chumba hicho na rafu za mninga, kuta tatu, toka chini hadi juu, akazipiga randa mpaka zikawa laini. Kazi hiyo ilimchukua majuma mawili, na katika majuma hayo alipiga mluzi kama zamani.

Akiba ilianza na asali. Mzee Pazi, mrina asali wa kule Kisarawe, alikuwa mtu wa karibu na marehemu baba yake Wilhelmina, naye hakuwa na tabia ya kumnyima. Wilhelmina alipanda lori la mkaa hadi kwake, akamkuta anasuka kamba ya kupandia mizinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na madumu matupu, nadhani hujanijia mimi."

"Nimekuja kwa ajili ya Baba Stella. Anaumwa sukari."

Mzee Pazi alitikisa kichwa. "Asali ni dawa," alisema, na alisema kwa nia njema, kama alivyoambiwa na wazee wake. Akamjazia madumu mawili.

Baada ya asali zikaja ndizi. Mwanahalima, rafiki yake tangu walipokuwa wote wageni pale mtaani, alikuwa na ndugu zake Mlandizi waliolima bondeni, na kila mwezi aliletewa mikungu. Zile zilizoiva mno, zilizoanza kuwa na madoa meusi, wengine waliona za kutupa. Wilhelmina alizikata vipande virefu, akazianika juu ya bati kwenye mkeka, akazifunika kitambaa cha chandarua kuzuia nzi. Zilipokauka ziligeuka rangi ya kahawia, zikawa tamu kiasi cha kukwaruza koo. Mwezi wa Ramadhani Mwanahalima alimletea na tende, akasema, "Hizi mpe shemeji, mwambie nimemwona anavyokonda." Vikaongezwa viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, maganda ya machungwa, karanga, nazi kavu, kisamvu kilichokaushwa, maharage, mdalasini na hiliki ndani ya kichupa cha dawa.

Unga wa ngano ulikuwa wa kubahatisha. Ulipoletwa dukani alipanga foleni tangu alfajiri, na hakuupeleka kwenye chapati. Hamira nayo haikuonekana, kwa hiyo alitumia tembo la mnazi kuumua unga. Aliponda ndizi, akavunja mayai, akamimina asali vijiko vinne, akakoroga na tui zito. Sufuria aliiweka juu ya mkaa, akaifunika kwa bati, na juu ya bati akapanga mkaa mwingine. Harufu ilipoanza kutoka, hata wapita njia waligeuza shingo.

Keki ya kwanza Felician aliila nusu nzima. Alifumba macho.

"Hii haina sukari?"

"Hata chembe."

Alimtazama mkewe kwa muda. Wilhelmina alikuwa amesimama mlangoni na unga kwenye nyusi, anacheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mwezi wa pili. Felician akashusha macho kwenye sahani.

"Basi nikatie kipande kingine," alisema.

Ilikuwa hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Kila Jumamosi alioka. Wakati mwingine keki ya ndizi, wakati mwingine mkate wa kumimina wenye tende, wakati mwingine vileja vya nazi na asali. Wanawake wa parokiani walikuja kujifunza, maana na wao hawakuwa na sukari, na Wilhelmina aliwaonyesha bila kuficha kitu. Aliwaingiza stoo, akawaonyesha chupa zilizopangwa kwa tarehe, akiwa na fahari ndogo ambayo alijisamehe. Mtu akimwuliza hali ya mumewe, alisema, "Tunamshukuru Mungu, sukari haingii kwangu."

Lakini Felician hakupata nafuu. Vidonge vilipatikana mwezi huu, mwezi ujao vikakosekana. Macho yakaanza kuwa na ukungu, akawa anapima mbao kwa kupapasa. Miguu ikafa ganzi. Wilhelmina alidhani ni uchovu na chakula kidogo, kwa hiyo alimwongezea asali kwenye uji. Mwishoni mwa mwaka 1982 kibanzi cha mbao kilimchoma kidole cha mguu wa kushoto na hakukisikia. Walikuja kukiona wakati kidole kimeshavimba na kutoa harufu.

Hospitali walimlaza. Siku ya tatu Wilhelmina alifika wakati wa kuona wagonjwa akiwa na kikapu: chupa ya chai ya tangawizi isiyotiwa utamu wowote, na keki iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe. Nesi wa zamu, mwanamke wa makamo, alikuwa anampima mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alinusa, akageuka.

"Mama, umemletea nini mgonjwa wako?"

"Keki, lakini usihofu, haina sukari."

"Imepata utamu wapi?"

"Asali kidogo. Na ndizi mbivu, na tende."

Yule nesi hakupandisha sauti. Alivuta benchi, akamwomba akae. "Mama yangu," alisema, "asali ni sukari. Ikishafika tumboni mwili hauulizi imetoka kiwandani au kwenye mzinga. Na zile ndizi mbivu, na tende, zote ni hivyo hivyo. Amekula hizi kwa muda gani?"

 Wilhelmina alihesabu kwa vidole Jumamosi moja, mbili, tatu, kisha akaacha kwa sababu vidole havikutosha. Aliwaza uji wa asubuhi. Aliwaza jinsi alivyokuwa akimsukuma, kula baba, umekonda, kula. Alikichukua kikapu chake, akatoka nje, akapita mapokezi, akapita lango, akakaa chini ya ukuta pembeni mwa barabara. Watu walidhani amefiwa. Mama mmoja asiyemjua alimpa pole, naye akaipokea.

Wiki ile mguu wa Felician ulikatwa chini ya goti.

Alirudi nyumbani Januari kwa magongo aliyochongewa na wanafunzi wake wa useremala. Wilhelmina alimwogesha, alimbadilishia kitambaa cha kidonda, alimpikia mboga za majani na samaki, na hakuzungumza isipokuwa penye lazima. Felician alivumilia siku kumi. Siku ya kumi na moja, mchana, wamekaa uani, Wilhelmina akichambua mchicha, mumewe akasema:

"Mama Stella, usijitese. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile siku ya kwanza daktari aliniambia yote. Asali, tende, ndizi mbivu, hata juisi ya miwa. Aliniandikia na karatasi."

Mikono ya Wilhelmina ilisimama juu ya ungo.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nilipoionja ile keki ya kwanza nikakutazama. Ulikuwa unacheka. Nikasema nitamwambia wiki ijayo." Akaegemeza gongo lake ukutani. "Na keki yenyewe ilikuwa tamu. Sitakudanganya. Niliipenda."

Wilhelmina aliweka ungo chini. Kama Felician angemwambia kwamba hakujua, yeye angeweza kujilaumu peke yake mpaka kufa, na lawama hiyo alikuwa ameshaizoea, ameipatia mahali pa kukaa. Sasa hakujua amchukie nani. Alitaka kumpiga, lakini mtu mwenyewe alikuwa na mguu mmoja na macho yenye ukungu, anapapasa kikombe chake cha maji.

"Umeniua, Felician," alisema. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Akaendelea kuchambua mchicha, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda na chakula hakijapikwa.

Hawakulirudia jambo hilo. Ila Wilhelmina alianza tena kuoka, safari hii kwa kuuliza. Alimfuata yule nesi hadi hospitali mara mbili, akauliza kimoja kimoja: karanga je, nazi je, mayai, dengu. Akaoka keki za unga wa karanga na nazi, zisizo na utamu wowote isipokuwa harufu ya mdalasini. Zilikuwa nzito, zilikwama kooni. Felician alizila kwa kunywea maji na kusema ahsante. Wilhelmina alimwona usoni kwamba ni kama anatafuna mbao zake mwenyewe, naye pia akasema karibu. Ndivyo walivyoishi, kila mmoja akimtunza mwenzake kwa adabu.

Zile chupa za asali zilibaki stoo. Alishindwa kuzitupa, maana alifikiria mgongo wa Mzee Pazi akipanda miti, na alishindwa kuzigawa, maana alihisi kama anagawa sumu. Zikakaa kwenye rafu ya juu, kumi na tisa, zimefungwa kwa nta.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu walioshukiwa kuficha bidhaa. Redio ilitangaza kila siku waliokamatwa na mabunda ya vitenge, mifuko ya saruji, sabuni, mafuta. Wenye maduka walitupa mali zao vichakani na mtoni. Wilhelmina hakuwa na duka, kwa hiyo hakujitia hofu. Lakini stoo ile ilikuwa imetembelewa na wanawake wengi mno, na walikuwa wamesimulia.

Walikuja asubuhi moja ya mwezi wa tano, vijana watatu wa mgambo na mtu mmoja mwenye daftari, wameongozwa na balozi wa nyumba kumi, Mzee Mashaka. Balozi alikuwa amewahi kuila keki ya Wilhelmina siku ya kipaimara cha Stellamaris. Hakumtazama machoni.

"Samahani, Mama Stella. Tumeambiwa tukague."

Mwenye daftari alisimama katikati ya stoo akazungusha kichwa. Rafu kuta tatu. Debe la unga wa ngano lililojaa nusu. Maharage, dengu, karanga, nazi, samaki wakavu, kisamvu, na juu kabisa asali.

"Vyakula vyote hivi vya nini, mama, na wenzako wanashinda foleni?"

"Ni vya mgonjwa."

"Mgonjwa mmoja?"

Felician alitokea mlangoni kwa magongo yake. "Ni vyangu," alisema. "Mimi ndiye mgonjwa. Asali hiyo ichukueni, hata kesho msiirudishe. Lakini karanga na dengu niachieni, ndizo ninazoruhusiwa kula."

Mwenye daftari aliutazama mguu uliokatwa, akaona haya, akatazama pembeni. Huenda angekuwa peke yake angeondoka. Lakini alikuwa na watu nyuma yake wakimwangalia, na majirani walishajaa uani, na wakati ule mtu aliyeacha kukamata aliulizwa amepewa nini. Akaandika. Vijana wakabeba vyote, chupa baada ya chupa, na Wilhelmina akachukuliwa kwenda kutoa maelezo. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa kumi, kati ya mwenye duka mmoja wa kijiji cha Soga na mama aliyekutwa na vipande vinane vya sabuni. Saa kumi aliambiwa aende zake. Aliuliza kuhusu karanga. Aliambiwa asubiri, suala linashughulikiwa.

Alifuatilia mara nne. Mara ya nne hakukuta hata yule mwenye daftari, amehamishwa.

Baada ya hapo walikula kilichopatikana, na kilichopatikana kilikuwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, asubuhi uji, mchana ugali. Mwanahalima alileta alichoweza, fungu la mchicha, dagaa wa kushika mkononi, na alipofika alikaa kidogo tu, maana watu walikuwa wanaangalia nani anaingia nyumba gani na nini. Mwaka uliofuata kidonda kilianza kwenye mguu wa pili. Safari hii Felician alikataa kwenda kukatwa.

"Nikatwe mpaka wapi?" aliuliza.

Mwezi wa nane wa mwaka 1984, asubuhi yenye baridi, Felician alikuwa amelala chali, amekwisha kuwa mwembamba hata shuka halikuonyesha kitu. Alimwita mkewe akae.

"Nipikie ile," alisema.

"Ipi?"

"Ile ya Jumamosi. Ya asali."

Wilhelmina alijua kwamba Mzee Pazi bado yupo. Alijua ni safari ya siku moja, na kwamba Mwanahalima asingekosa ndizi. Yote hayo aliyaona kwa mara moja, na akaona pia benchi la nesi, na lango la hospitali, na ukuta ule. Mwili wake ulikataa kabla ya akili.

"Hapana, Baba Stella. Sitakulisha hiyo tena."

"Sawa," alisema Felician. Hakuomba tena, siku hiyo wala nyingine. Alikufa baada ya wiki tano, siku ya Jumanne, mchana, wakati Wilhelmina yuko uani anatwanga.

Msibani yule nesi alikuja. Alikaa mkekani pamoja na wanawake, na watu walipopungua Wilhelmina alimweleza jambo lile la keki na jinsi alivyokataa. Alitaka kusikia kwamba alifanya vema. Nesi alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alisema, "Kwa hali aliyokuwa nayo siku zile, mama, kipande kimoja kisingebadilisha kitu." Alidhani anamfariji.

Wilhelmina aliuza nyumba mwaka uliofuata, akarudi Kisarawe kwa kaka yake, akapewa chumba na kipande cha shamba la mihogo. Sukari ilikuwa imeanza kuonekana madukani. Stellamaris, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alikuja na mchumba wake, kijana mmoja aitwaye Didas, na baada ya salamu na chakula alisema wangependa keki ya harusi aipike mama mwenyewe, kama zile za zamani.

"Nimesahau jinsi ya kuoka," alisema Wilhelmina.

"Mama, wewe? Mtu hawezi kusahau kitu kama hicho."

"Nimesahau, mwanangu. Tafuteni mwingine."

Stellamaris alimtazama, akadhani ni uzee unaanza mapema, akabadilisha mazungumzo. Siku ya harusi Wilhelmina alivaa gauni jipya, alikaa mbele, na kipande cha keki kilipopitishwa alikipokea kwa mikono miwili, akakishika mpaka kikamomonyoka kwenye leso yake.